Nyuzi za Manjano

Kaka yangu alitoka Remba mwaka ule ule niliotoka chuo kikuu, na mama akatupokea kwa chai moja na wasiwasi wa aina mbili. Mimi nilikuwa na shahada ya fizikia na sikuwa na kazi. Yeye kazi alikuwa nayo, ila kazi yenyewe ilikuwa ziwani, na mama alikuwa ameshaamua kwamba mtoto wake hatarudi huko.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini. Kwetu ni Uriri, upande wa Migori, mahali ambapo ziwa hulioni wala hulisikii. Unakutana nalo sokoni tu, limekaushwa ndani ya gunia la omena, wale dagaa wadogo. Pengine ndiyo sababu kaka yangu alilipenda. Aliacha shule akiwa kidato cha pili kwa kuwa, alivyosema mwenyewe, alichoka kuambiwa mambo na watu ambao hawajayaona. Akaenda Remba, kile kisiwa kidogo kilichojaa mabati kutoka ukingo hadi ukingo, ambako mtu akitandaza omena wake jirani hana pa kukanyaga. Alikaa huko miaka kadhaa. Kila Desemba alirudi akinuka moshi na mafuta ya injini, mkononi redio mpya, na hadithi za samaki mbuta wakubwa kuliko mtoto wa darasa la kwanza.

Lakini mwaka ule vijana wawili wa kijiji chetu walirudishwa kutoka visiwani ndani ya majeneza. Mmoja alizama. Wa pili aliugua, akakonda, akafa, na kwenye mazishi yake kila msemaji alitaja malaria kwa sauti ya mtu anayetaka kumaliza upesi. Mimi niliuliza jikoni, mbele ya wanawake waliokuwa wakisonga ugali wa wageni, ni malaria gani inayomkondesha mtu mwaka mzima. Mama alinitazama kidogo, kisha akanipa mwiko.

"Songa," akasema.

Baada ya mazishi hayo akaanza kumtafutia kaka nchi kavu. Mama alikuwa akiuza njugu katika soko la Ndhiwa, na mmoja wa wateja wake alikuwa mpishi wa masista walioendesha hospitali ya misheni mjini Homa Bay. Sisi ni Wasabato na wale ni Wakatoliki, jambo ambalo kwa kawaida mama hakulichukulia kwa wepesi, lakini safari hii alilimeza. Sista mkuu alihitaji mtu wa matengenezo: mabomba, vitasa, jenereta, vitanda vilivyolegea. Kaka yangu alikuwa amejifunza kufufua injini za boti katikati ya mawimbi. Akakubaliwa kwa majaribio. Afanye kazi miezi michache, Sista alisema, halafu ataona.

"Akiona sifai?" kaka alimuuliza mama asubuhi ya kuondoka.

"Utafaa."

"Nisipofaa narudi Remba. Mimi sina ugomvi na Remba."

Aliyasema hayo bila hasira, ameinama akifunga kamba za viatu, na mama akaingia chumbani kana kwamba amesahau kitu.

Hospitali ilikaa kwenye mteremko, juu kidogo ya mji. Kutoka verandani uliiona ghuba yote, ila mwaka ule haikuwa na maji ya kuonekana. Magugu maji yalikuwa yameifunika kuanzia gatini hadi mbali, kijani kibichi kama shamba la mtama, na boti zimekwama humo kama ng'ombe kwenye tope. Wafadhili wa ng'ambo walikuwa wameiletea hospitali kompyuta mbili, moja ya maabara na nyingine ya ofisi ya karani, ili majibu ya vipimo yasibebwe tena kwa miguu kwenye mvua. Zikaunganishwa kwa waya wa shaba uliopita juu ya uwanja. Radi ikapiga, ikafuata waya, ikaziua zote mbili. Zikaletwa nyingine, nazo zikauawa vivyo hivyo.

Mlinzi wa lango alikuwa na maelezo yake. Kuna mtu, alisema, aliyekuwa akiituma ile radi. Nilipomuuliza inatumwaje, alinijibu kwamba wanaojua hawaulizwi. Nilipomuuliza kwa nini mtu mwenye uwezo huo aitume kwenye kompyuta badala ya nyumba ya adui yake, alilipima swali langu kwa haki kabisa.

"Labda alikosa shabaha," akasema.

Wale wafadhili nao walikuwa na maelezo yao, wakayatuma ndani ya sanduku: waya wa kioo, vichwa vidogo vya chuma vya kufungia miisho yake, vifaa vya kazi na karatasi ya maelekezo. Kioo hakipitishi umeme. Radi ipige itakavyo, waya ule hautaingiza ndani chochote ila mwanga. Sista alimwita kaka akamwonyesha.

"Unaweza?"

"Nina dada amesomea mwanga," kaka akajibu, na ndivyo nilivyoitwa Homa Bay.

Mchana tulipofungua lile sanduku, katika chumba cha kushonea mashuka, bado ninaukumbuka hadi harufu ya pasi ya makaa. Chuoni nilikuwa nimechorewa mwanga ndani ya kioo: mistari miwili ubaoni, na katikati yake mstari wa chaki unaodunda huku na huku. Nilikuwa nimeshinda mtihani juu ya mstari ule. Nilikuwa pia nimemuuliza mhadhiri kama amewahi kuuona waya wenyewe, naye akaniambia swali hilo halimo kwenye silabasi. Sasa ulikuwa mbele yangu, umeviringwa kwenye gurudumu la mbao, mweusi, mnene kama kidole cha mwisho, wa kawaida kabisa.

Tulikata kipande cha majaribio tukakivua. Ndani ya ngozi nyeusi mlikuwa na nyaya ndogo mbili, na kila moja ilikuwa na ngozi yake, kisha fungu la nyuzi za manjano zinazong'aa kama nywele za mahindi machanga, na katikati kabisa uzi mmoja wa kioo. Kioo kilipojitokeza tulikaribia kukipoteza machoni. Kaka alikipuliza kidogo aone kama kitapeperuka.

"Hiki ndicho kitabeba maneno yote ya hospitali?"

"Ndicho."

"Na mgonjwa akipiga chafya?"

"Ndiyo maana kuna hizi." Nikamwonyesha zile za manjano.

Nilimsomea karatasi, nikimtafsiria. Kioo hakivumilii kuvutwa. Kwa hiyo aliyebuni waya ule aligawa kazi: kioo kibebe mwanga, nyuzi za manjano zibebe mvuto. Mwishoni, pale kwenye kichwa kinachoingia kwenye mashine, nyuzi zile hukatwa zikabaki fupi, hutandazwa kuzunguka shingo ya kichwa kama sketi, kisha pete ya chuma hupitishwa juu yake na kubanwa kwa koleo. Mtu akivuta waya, nyuzi zinavuta pete, pete inavuta kichwa, na kioo kilichomo katikati hakijui kama kuna ugomvi. Nilifurahishwa sana na jambo hilo. Katika miaka yangu yote ya chuo hakuna aliyenitajia nyuzi. Walinifundisha mwanga tu, kana kwamba hakuna mtu duniani atakayewahi kujikwaa kwenye waya.

Kaka alichukua uzi mmoja, akausokota kwa vidole, akauvuta, akauuma.

"Hii ni ya wavu," akasema.

"Ni ngumu kuliko ya wavu."

"Basi ni ya wavu mzuri."

Siku zilizofuata zilikuwa za raha ambayo sikuitambua wakati ule. Kaka aliuchimba mtaro mwenyewe, kutoka maabara hadi ofisini, umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Mama wa usafi wa hospitali, mwanamke wa makamo kutoka upande wa mpakani kwa Wakuria, alikuwa akipita na ndoo yake akimchokoza.

"Mvuvi, huko chini unatafuta nini?"

"Kamongo, mama."

"Ukimpata samaki huyo usinipikie. Anakaa kwenye matope kama wewe."

Adhuhuri alituletea uji kwenye kopo la mafuta ya kupikia, na tuliunywa kwa zamu tumekaa kwenye ukingo wa mtaro. Nilimwambia kaka kwamba karatasi inashauri tuache waya wa ziada kila mwisho. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. Ziwani, alisema, kamba iliyolegea ni ya mtu asiyejua kupima. Akaulaza waya wake umekazwa, ukafika penye kompyuta ya karani kamili, bila shubiri ya zaidi.

Kazi ya vichwa tuligawana. Mimi nilichukua mwisho wa maabara, yeye mwisho wa ofisini. Kila kichwa kilitiwa gundi, kioo kikapenyezwa katika ncha nyeupe kama jino, pete ikabanwa, tukasubiri gundi ikauke. Kisha kilichozidi kilikatwa, na ncha ikasuguliwa juu ya karatasi laini kwa mwendo wa namba nane, taratibu, hadi iwe kama kioo cha kujitazamia. Mtu wa maabara alikubali tuitazame kwenye hadubini yake kati ya damu moja ya malaria na nyingine. Ukiinamisha jicho uliona duara la kijivu na mikwaruzo yake. Unasugua tena, unarudi, mikwaruzo imepungua. Sijawahi tangu siku zile kufanya kazi ambayo maendeleo yake yanaonekana wazi namna hiyo.

Tulipomaliza nilimulika tochi kwenye mwisho wangu. Baada ya muda kaka akatokea dirishani pa ofisi, ng'ambo ya uwanja.

"Nyota imetoka," akaniita kwa Kijaluo.

Kompyuta zikaunganishwa, zikaongea. Karani alipokea jibu la kwanza la maabara bila kunyanyuka kitini, akageuza kichwa huku akilisoma kana kwamba kuna mtu amejificha nyuma ya mashine. Sista alisema "vizuri," akaenda zake. Nilirudi Uriri kumpa mama habari.

"Sista amemwandika kazi?" mama akauliza.

"Bado. Lakini waya unafanya kazi."

"Mimi sikukuuliza waya."

Wiki chache baadaye nilipata ujumbe kupitia kwa mchuuzi wa samaki: kaka anasema njoo. Nilipofika Homa Bay nilimkuta karani amerudi kwenye karatasi, uso umekunjamana. Alinisimulia. Mama wa usafi alikuwa akipiga deki, akaisogeza meza kidogo apate pa kupitishia kitambaa, na waya ukatoka. Vichwa vilibaki vimeng'ang'ania mashine, waya ukaanguka sakafuni. Hospitali nzima ilikuwa imeshajua ni nani aliyeharibu kitu cha wafadhili. Mama wa usafi alikuwa ameambiwa na karani akae kwake kwanza, hadi Sista, aliyekuwa Kisumu, atakaporudi jioni ile aamue.

Swali langu lilikuwa moja tu. Meza ilisogezwa kidogo. Kwa nini nyuzi hazikushika? Kazi yao ilikuwa hiyo. Nilivichomoa vile vichwa nikavipeleka dirishani penye mwanga, nikapanua pete moja kwa bisibisi. Ndani palipaswa kuwa na sketi ya manjano. Palikuwa na masizi. Nyuzi zilikuwa nyeusi, fupi, zinapukutika kama kijinga kilichozimwa, na ukingo wa ngozi ya waya ulikuwa umeyeyuka ukawa donge gumu. Pete ilikuwa imebana donge na majivu. Kwa macho ilionekana imeshika sana. Kwa kweli kilichokuwa kimeushikilia waya wote ni kile kioo, chembamba kuliko unywele, na kilikuwa kimekatikia ndani ya kichwa.

Kaka alikuwa nyuma ya banda la jenereta, akibadilisha mafuta. Nilimwonyesha kiganjani.

"Ulizichoma?"

Akatazama. "Ndiyo, nilizichoma. Si ni nyuzi?"

"Kwa nini?"

"Nyaminwa, dada yangu, wewe umewahi kuona uzi usiochomwa? Unakata, unachoma mwisho, unayeyuka, haufumuki. Usipouchoma, wavu wako unaisha kabla ya mwezi. Kwanza makasi ya kushonea hayakuzikata hata kidogo, na ule mkasi wako wa maana ulikuwa maabara. Nikatoa kiberiti."

Alisema "nikatoa kiberiti" kama mtu anavyosema nikavuta pumzi. Remba kila mvuvi ana kiberiti mfuko wa shati kwa ajili hiyo, na mkono hauombi ruhusa. Nilimweleza kwamba uzi wa wavu ni nailoni, na nailoni huyeyuka. Hizi hazikutengenezwa kwa nailoni. Hakuniamini, na sikumlaumu, maana mimi pia sikuwa nimewahi kuliona jambo lenyewe. Tukachukua kipande chetu cha majaribio, akavuta nyuzi kadhaa, akawasha. Zilishika wekundu, zikawa nyeusi, zikasimama hapo hapo. Akasogeza moto tena. Hakuna kilichoyeyuka. Akazigusa, zikavunjika kwenye vidole vyake.

Kaka akacheka. Kicheko cha kweli, cha mtu aliyeonyeshwa kitu kipya. Kisha kikakatika.

"Basi huyo mama hakuharibu kitu," akasema.

"Hapana."

Alifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja. Nilijua anachokihesabu. Miezi ya majaribio ilikuwa ukingoni. Mimi nilikuwa na udadisi wangu mwingine, ule ambao mama alikuwa akinikanya, na nikauuliza pale pale.

"Kwani unataka kweli kubaki? Ziwa unalipenda. Au ni kwa sababu ya mama?"

"Ziwa nalipenda," akasema. "Huku nasikia jenereta tu. Kule ukilala unasikia kisiwa kizima kinapumua." Akakunja tambara. "Lakini yule wa malaria tulikuwa tunakaa chumba kimoja. Nilimnywesha uji mimi. Alikuwa anaongea mambo ya kurudi nyumbani kupanda miwa. Nataka kuzeeka, nyaminwa. Nikirudi kule sitazeeka. Najijua."

Nikavifunga vile vichwa kwenye leso yangu.

"Nikimwambia Sista, ananifukuza," akasema.

"Huenda."

"Nisipomwambia, anamfukuza yule mama, halafu mimi nafunga vichwa vingine, na kila siku napita hapo anapopigia deki." Akakitia kiberiti mfukoni. "Twende ukanitafsirie Kizungu kikikosa Kiswahili."

Sista alikuwa Mtaita, mfupi, na Kiswahili chake kilikuwa kilaini kiasi cha kutufanya sote tujione tumebeba mawe mdomoni. Alikuwa ametoka safarini muda ule ule, hajavua hata sweta. Kaka alisimama mbele ya meza yake na kuviweka vile vichwa viwili juu ya karatasi safi.

"Sista, huyo mama wa usafi hana makosa. Mimi nilichoma nyuzi."

"Ulichoma?"

"Kwa kiberiti. Hizi za manjano, zenye zinashika waya. Huko ziwani kila uzi tunachoma mwisho ndio isifumuke."

"Na hapa ni ziwani?"

"Mkono ilikuwa ziwani, Sista. Mimi nilikuwa hapa."

Sista alikigeuza kichwa kimoja kwa ncha ya kalamu. Aliniuliza kama ni kweli, nikamwambia ni kweli, nikaanza kumweleza habari za nailoni. Akaninyanyulia mkono ninyamaze.

"Vya akiba vipo?"

"Viwili," kaka akasema.

"Basi unavyo viwili. Mimi vingine sina, na wale watu sitawaandikia tena kuwaomba. Hivyo vikitoka, kijana, tutaagana, na wala hatutagombana. Na yule mama aambiwe aje kesho asubuhi na ndoo yake."

Kesho yake, Ijumaa, tulianza mapema. Nilimuuliza kaka kama nimfungie mimi.

"Ukifunga wewe, atakuwa amekuandika wewe," akasema. "Nishikie tochi."

Alikata sehemu yote iliyoharibika, akafika kwenye waya mzima. Hapo tukaliona lile ambalo mtaro ulionyooka ulikuwa ukitungojea nalo. Waya haukuifikia tena mashine. Ulipungua kama urefu wa kiganja. Kaka aliushika, akauvuta, kana kwamba udongo ungemwonea huruma.

"Kamba isiyolegea," nikasema.

"Nyamaza."

Sista alipoitwa alitazama waya, akatazama meza, akamtazama karani. Meza ilikuwa nzito, imesimama upande ule wa chumba tangu hospitali ijengwe, na karani alikuwa ameipangia dunia yake yote: mhuri kulia, chai kushoto, mgongo ukutani.

"Sogezeni meza," Sista akasema.

"Sista, hapo dirishani mvua inaingia," karani akasema.

"Utafunga dirisha."

"Na jua?"

"Utalifungua."

Tukaibeba meza watu wanne, karani akiwa mmoja wao, akilalamika kwa sauti ya chini hatua baada ya hatua. Kisha kaka akakaa chini sakafuni na kuanza. Alipitisha kwanza kwenye waya lile koti dogo la mpira la kufunikia shingo ya kichwa, halafu pete, maana karatasi ilionya kwamba ukizisahau hizo unarudia yote. Akaivua ngozi. Nyuzi za manjano zikafunguka. Nikampa mkasi. Mkono wake wa kushoto, nakumbuka, ulipanda hadi mfuko wa shati ukatulia hapo, kisha ukashuka mtupu. Akazikata, akazitandaza kuzunguka shingo kwa ncha za vidole, polepole, akihakikisha hakuna upande uliobaki wazi. Pete ikapita juu. Koleo likabana. Gundi ilipokauka akasugua mwenyewe, akaenda mwenyewe kwenye hadubini, akarudi akasugua tena.

Alasiri kazi ilikuwa imekwisha na kompyuta zinaongea. Sista alikuja. Nilidhani atauvuta waya yeye, au atanitaka mimi, msomi wa mambo. Kaka alitoka nje akarudi na mama wa usafi, ambaye alikuwa bado na kitambaa mkononi na hasira ya siku mbili.

"Mama, vuta," kaka akamwambia.

"Mimi tena?"

"Vuta kama vile unapiga deki."

"Ile siku sikuvuta. Nilisogeza tu meza."

"Najua. Leo vuta."

Mama wa usafi alimtazama Sista, Sista akaitikia kwa kichwa. Akauweka kitambaa begani, akazungusha waya kwenye ngumi yake, na akavuta. Nafikiri aliweka mle kila neno aliloambiwa na karani. Mashine iliteleza juu ya meza. Karani akaikumbatia. Mama akaweka mguu ukutani.

"Inatosha," Sista akasema. "Utatubomolea nyumba."

Tukainama wote kwenye kioo cha kompyuta. Jibu la maabara lilikuwa linaingia, mstari baada ya mstari, damu ya mtoto fulani, hana vijidudu. Mama wa usafi aliachilia waya, akaitazama alama uliyomwachia mkononi.

"Huyo kamongo amekaa," akamwambia kaka, akachukua ndoo yake.

Sista alibaki mlangoni. Hakusema "vizuri" safari hii. Alikuwa akitazama nje, kwenye tangi la maji lililokuwa likivuja pembeni mwa wodi ya watoto.

"Lile tangi," akasema, "kesho lianze kutengenezwa."

Kaka akajikuna shingo. "Kesho ni Sabato, Sista."

"Basi Jumapili."

"Jumapili si ni yenu?"

"Jumapili tutakuwa kanisani. Wewe utakuwa juu ya tangi. Na Jumatatu upite ofisini utie sahihi, maana sitaki fundi wa majaribio juu ya tangi langu."

Akaondoka. Kaka aliketi kwenye kiti cha karani, ambacho karani alikuwa bado hajakirudia, akaweka mikono yote miwili juu ya meza, akaitazama.

Nilifika Uriri jua likikaribia kutua. Mama alikuwa amekwisha kupika chakula cha Sabato na kufagia uwanja, na alikuwa akinawa miguu penye jiwe la kando ya jikoni. Nilimwambia yote bila kuruka, kiberiti, meza, mguu wa yule mama ukutani. Alisikiliza akijisugua kisigino.

"Ameandika?"

"Anatia sahihi Jumatatu."

Akajimwagia maji. "Atalala wapi?"

"Wamempa chumba, nyuma ya jiko la hospitali."

"Kina mlango?"

"Kina mlango, mama."

"Na kitanda?"

"Sikuuliza."

"Wewe unauliza kila kitu," akasema, "hilo hukuuliza."

Akasimama, akaingia ndani na miguu yake ikiwa bado na maji. Nilimsikia akifungua kasha ambamo aliweka vitu vya wageni. Alitoka na lile blanketi jipya ambalo hakuna mgeni aliyewahi kupewa, akalikung'uta mlangoni, akalikunja mara ya pili vizuri zaidi, akaliweka kwenye kiti karibu na mlango, tayari kupelekwa Homa Bay Jumapili asubuhi. Kisha akalitazama jua, akaniambia niingie ndani tuimbe kuifungua Sabato.